Ndiva na Haki ya Mwanzilishi

Swali la namna jamii inavyopaswa kumtegemeza mjasiriamali na mbunifu Mwafrika huulizwa mara nyingi kwa lugha ya mitaji, mafunzo na sera, ilhali chini yake limelala swali la kale zaidi, ambalo ni la maadili na la dini pia: mtu anayeanzisha jambo jipya anaidai nini jamii yake, na jamii inamdai nini yeye? Katika Milima ya Upare ya kusini, wilayani Same, ambako Gonja imekaa kati ya miteremko ya Bombo na tambarare za Maore, swali hilo lilijibiwa kwa udongo na mawe muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuliandika, na jibu lenyewe ni ndiva.

Ndiva ni neno la Kipare la bwawa dogo linalochimbwa mlimani ili kukinga maji ya kijito usiku, wakati hakuna anayemwagilia, kisha likafunguliwa asubuhi maji yakiwa mengi ya kutosha kukimbia mferejini hadi mashamba ya chini. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke saa zote kwa ajili ya kila mtu, maji hunywewa na udongo wa njiani na shamba la mbali halipati kitu. Kwa kuzuiwa kwanza ndipo yanapopata nguvu ya kugawanywa. Hapo kuna hoja ambayo watetezi wa usawa huipita haraka, kwamba mtaji uliotawanywa kidogo kidogo kwa watu wote siku ile ile haumfikishi mtu yeyote popote, na kwamba zamu, yaani kukubali kwamba leo ni siku ya mwingine, si kinyume cha haki bali ni umbo lake mojawapo.

Kwa desturi ndiva ilianzishwa na ukoo, na wazao wa mwanzilishi walikuwa na nafasi ya mbele katika kupata maji na katika kuongoza ugawaji wake. Hata hivyo kazi ya kuitunza, na hasa kuzoa tope linaloijaza, ilikuwa ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja inayowahusu wote wanaonufaika, na asiyefika bila sababu hutozwa faini. Mwanzilishi alitambuliwa kwa kuthubutu kwake, lakini bwawa lake lingekuwa shimo la matope baada ya masika machache kama mikono ya wengine isingelirudia kila mara. Katika baadhi ya ndiva za Same kamati za kuchaguliwa zimechukua madaraka ambayo zamani yalikuwa ya ukoo, na mvutano unaotokana na badiliko hilo ni wa kifalsafa hasa: je, heshima ya aliyeanza inarithiwa na mjukuu ambaye hajawahi kushika jembe la msaragambo? Hukumu iliyo sawa ni kwamba upendeleo wa mwanzilishi ni malipo ya hatari aliyoibeba, na hatari hairithiwi kwa damu.

Upare una pia mfano wa ubunifu uliofungwa. Upande wa kaskazini, huko Ugweno, ukoo wa Washana ulishika ufundi wa kuyeyusha na kufua chuma, na kazi yao ilitafutwa hata na majirani wa Kilimanjaro. Masimulizi aliyoyachambua mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha 1969 yanaeleza jinsi Washana walivyotawala, kisha wakapinduliwa na ukoo wa Wasuya. Elimu iliyobaki mikononi mwa wachache ilileta heshima, lakini pamoja nayo ikaleta hofu, na hofu hiyo haijatoweka, kwani hata leo anayefanikiwa peke yake kijijini huweza kunong'onewa uchawi mpaka aone heri ahamishie duka lake Dar es Salaam.

Ukoloni uliongeza kizuizi cha rangi. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 Tanganyika ilikuwa na sheria zilizobana mikopo kwa Waafrika kwa madai ya kuwalinda wasinaswe na madeni, na matokeo yake yakawa kwamba mfanyabiashara mweusi hakuweza kukopa bidhaa kwa uhuru aliokuwa nao mwenzake wa Kihindi au wa Kizungu. Ulinzi unaomnyima mtu nafasi ya kuaminiwa ni dharau iliyovishwa nguo ya huruma. Wala Wapare hawakukubali serikali hiyo iwapimie mali zao: katika miaka ya 1940 waliikataa kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na mwaka 1945 maelfu walishuka Same na kupiga kambi, katika mgomo unaokumbukwa kwa jina la mbiru.

Gonja, ambako Walutheri na Waislamu wameishi pamoja kwa vizazi, ina urithi wa dini mbili unaogusa jambo hili moja kwa moja. Luther aliandika mwaka 1524 dhidi ya wakopeshaji wanaojihakikishia faida hali hatari yote imemwangukia mkopaji, nayo sheria ya Kiislamu iliyoharamisha riba ikahalalisha mudharaba, yaani ubia ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na hasara isiyotokana na uzembe humpotezea mwenye mtaji fedha zake na mfanyakazi jasho lake. Ikipimwa kwa kipimo hicho, mikopo ya riba kali ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu inashindwa kabla hata kiwango cha riba hakijatajwa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inakaribia zaidi roho ya ndiva. Ila kwa kuwa hutolewa hasa kwa vikundi, inamfaa anayefuga kuku kama wenzake kuliko msichana wa Maore mwenye wazo la kukausha tangawizi kwa njia ambayo hakuna jirani aliyewahi kuijaribu.

Linabaki suala la anayeshindwa, ambalo mipango mingi hulikwepa. Kumbukumbu la Torati linaamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba, na Kurani, katika sura ya pili, inataka mdaiwa aliyebanwa apewe muda hadi apate wepesi, huku ikisema kumsamehe ni bora zaidi. Mkulima wa mlimani ambaye mazao yake yamekauka hafutwi kwenye zamu za ndiva; masika yakirudi huitwa kwenye msaragambo pamoja na wengine, huingia topeni na koleo lake, na siku yake ikifika maji hufunguliwa kuelekea shambani kwake.