Siri ya Mgonjwa na Usalama wa Umma

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini je, maradhi yakisemwa, ni nani apaswaye kuyajua? Swali hili latuhusu sana sisi tukaao Ediofe na Arua nzima, kwa maana nchi hii ya Nile ya Magharibi imezijua bunduki siku nyingi, tangu vita vilivyomwangusha Idi Amin mwaka 1979 hadi mapatano ya Yumbe ya Desemba 2002. Hata leo twaziona kila siku mikononi mwa askari na walinzi wa benki.

Mwezi wa Mei 2023, mjini Kampala, askari polisi mmoja alimpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini mwake, akamwua. Polisi walieleza kwamba askari huyo aliwahi kulazwa hospitali kwa ugonjwa wa akili, na kwamba alikuwa amekatazwa kushika silaha. Bunduki aliyoitumia ilikuwa ya mwenzake.

Mtu aweza kusema: basi, madaktari na watoe majina ya wagonjwa wote wa akili. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, katika tukio lile wakubwa walikwisha kujua. Kilicholegea ni utunzaji wa silaha. Pili, mgonjwa akijua kwamba maneno yake yatafika kwa mwajiri, hatakwenda kwa daktari kamwe. Atanyamaza, na bunduki itabaki begani pake.

Hata hivyo, siri haipiti uhai. Mgonjwa atamkapo kwamba atamwua fulani, daktari hana budi kusema. Na mwenye kutoa kibali cha silaha ana haki ya kujua jambo moja: mtu huyu afaa kushika bunduki kwa sasa, au hafai? Jina la ugonjwa na dawa azimezazo havimhusu. Tena, askari aondolewaye bunduki asiondolewe mshahara; apewe kazi nyingine. La sivyo, tutakuwa tumemfundisha kuficha.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Neno "kichaa" litumiwalo darasani kwa mzaha humfanya mtu aone haya kutafuta tiba. Yatupasa kusema "mgonjwa wa akili", kama tusemavyo mgonjwa wa malaria, na kuwakumbusha wanafunzi kwamba wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu yeyote.