Nakimbia, au Nafuata?

Niko mwaka wa pili wa uuguzi, na tangu Machi nimetaka kuacha. Mama aliuza ng'ombe ndio nisome. Kanisa hili likanifanyia harambee. Je, ni dhambi kubadilisha nia baada ya watu kujinyima hivyo?

Nilijitetea kwa Petro: yeye aliacha nyavu, mbona mimi nisiache? Lakini hata Yona aliacha. Alilipa nauli kule Yafa, akapanda merikebu. Wote wawili waliondoka. Petro alikuwa anamfuata Yesu. Yona alikuwa anamkimbia Mungu.

Kusema ukweli, mimi sina kozi nyingine moyoni. Mgonjwa wangu wa kwanza alifariki nikiwa kwa zamu, na tangu hapo naogopa wadi. Huo si mwito. Ni huzuni ambayo sijamwambia mtu.

Ningekuwa na mwito mwingine, ningemwambia Mama waziwazi. Shukrani si kamba ya kumfunga mtu. Lakini sina. Jumatatu narudi wadini, na kwanza nitaongea na mwalimu anayetusimamia.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujajaza fomu ya kuhama, jiulize: nakimbia, au nafuata?