Bei ya Dhamana, na Biashara Mlangoni mwa Kambi

Kafala katika sheria ya Kiislamu ni mtu kujitia dhamana kwa ajili ya mwenziwe: mdaiwa akishindwa kulipa, kafili hulipa. Wanavyuoni wameiweka katika mlango wa ihsani, pamoja na mkopo mwema na kumwazima jirani chombo. Kwa hiyo walio wengi katika wao wamekataza kafili kutoza malipo kwa dhamana yake. Kwani akimlipia mtu deni, kisha akarejeshewa mali yake pamoja na ziada, ziada ile huwa ni mfano wa riba.

Jina hili la wema ndilo lililopewa, katika karne iliyopita, kanuni ya kuwaingiza wafanya kazi wageni katika nchi za Ghuba. Mgeni hakupata ruhusa ya kuingia wala ya kukaa illa awe na kafili mwenyeji. Kwa njia hiyo yamesimama makambi makubwa ya wafanya kazi: Sonapur kule Dubai, ambayo jina lake kwa Kihindi ni mji wa dhahabu; mtaa wa viwanda wa Doha, ambao wakazi wake huuita Sanaya; na mji wa wafanya kazi uliofunguliwa Doha mwaka 2015 ili kuweka watu wapatao 70,000. Humo wamo Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi na Wapakistani, na katika miaka ya karibuni Waafrika wengi, wakiwamo vijana wa pwani waliokwenda kwa ulinzi na udereva. Na popote walipokusanyika watu wengi wenye haja, biashara huzaliwa. Basi lapasa kuulizwa: katika fedha zipitazo mlangoni mwa makambi haya, zipi ni halali, na zipi ni moto tumboni mwa mwenye kuzila?

Biashara hiyo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huonekana na kila mpita njia. Mmoja hupika chai na chapati, na wenziwe hununua. Mwingine hukata nywele chumbani siku ya mapumziko. Wa tatu hutandika nguo kuukuu chini na kuziuza. Wa nne huuza kadi za simu. Wengi wao hawana leseni, na askari akija hukunja mikeka yao wakakimbia. Yapasa mgeni ashike amri za nchi aliyoingia, kwani aliingia kwa ahadi. Lakini chai ile ni chai, na kinyozi yule amekata nywele kweli. Mnunuzi ametoa fedha akapata haja yake, na wote wawili wameondoka radhi.

Namna ya pili haina mkeka, nayo hufanyika ndani ya afisi na majumbani. Mwenyeji mwenye sijili ya biashara huomba viza za wafanya kazi asiowahitaji, akampa dalali. Dalali wa Ghuba akamwuzia dalali wa Mombasa au wa Kathmandu. Naye akamwuzia kijana, na huiita viza huru. Kijana akifika hakuti kazi wala chumba. Huambiwa ajitafutie riziki popote, na kila mwaka alete fedha ili kibali chake kisikatwe. Akitaka kuhama huuziwa ruhusa, na pasipoti yake ikishikwa huuziwa hiyo pia. Huyu hakuuziwa chai wala mkate. Ameuziwa nafsi yake mwenyewe, kidogo kidogo.

Na iangaliwe hesabu yake. Sheria ya Qatar imeweka tangu Machi 2021 mshahara usiopungua riali 1,000 kwa mwezi, na juu yake riali 300 za chakula na 500 za malazi ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo. Mathalan kijana ameinunua viza kwa riali 6,000, na katika mshahara huo aweza kuweka 500 kila mwezi. Mwaka mzima wa umri wake umekwisha kabla mama yake hajaona senti moja. Na ikiwa fedha za kununulia alizikopa kwa riba, au aliweka shamba la urithi rahani, basi mwaka mmoja hautoshi.

Watetezi wa biashara hii wana hoja tatu. Ya kwanza husema: kijana ameridhia, na biashara ni maridhiano. Walakini ridhaa hufuata ujuzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta juu kukavu na chini kumeloa, akamkemea mwenye mali kwa kuwaficha watu. Na mikataba mingi ya safari ni rundo lile lile: ule uliosomwa nyumbani ni wa udereva na mshahara mwema, ule uliotiwa saini baada ya kushuka ndege ni mwingine. Aliyeridhia ukavu hakuridhia maji.

Hoja ya pili husema: dalali naye ametaabika, ameandika barua na kuzunguka maafisini, je, asipate ujira? Apate. Ujira wa kazi ni halali ukijulikana tangu mwanzo, nao wampasa mwenye kuhitaji wafanya kazi. Na mkataba wa Shirika la Kazi la Dunia wa mwaka 1997, nambari 181, umeweka asili hiyo hiyo, kwamba mawakala wasimtoze mfanya kazi. Lakini taabu ya kuandika barua ni kitu kimoja, na bei ya ruhusa ni kitu kingine. Ikiwa kafili anayehatirisha mali yake kwa deni la mwenziwe hana ruhusa ya kuuza dhamana, itakuwaje kwa kafili asiyehatirisha chochote?

Hoja ya tatu husema: wasipouza hawa, maskini hatasafiri. Hii ni hoja ya mtu aliyekizungushia ua kisima cha njiani, kisha akajisifu kuwa anawanywesha wasafiri. Kazi haikuumbwa na dalali. Yeye amesimama baina yake na mwenye kuitaka.

Wala haifai kusema kwamba haya ni mambo ya serikali peke yake. Serikali zimefanya baadhi. Qatar, kwa sheria ya mwaka 2015, imemwekea faini ifikayo riali 25,000 mwenye kushika pasipoti ya mfanya kazi, na mwaka 2020 ikaondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kwa mwenye kuhama kazi. Bahrain ilijaribu tangu 2017 kibali cha mtu kujisimamia mwenyewe bila kafili, kisha ikakifuta mwaka 2022. Lakini sheria humfikia aliyeshtakiwa, na mgeni mwenye deni haendi kushtaki.

Jambo hili si geni kwa Waarabu wala kwa Waislamu. Kabla ya utume, mgeni wa Zabid katika Yaman aliuza bidhaa zake Makka, na mkubwa mmoja wa mji akazichukua asilipe. Mgeni hakuwa na jamaa wa kumtetea. Akapanda mlimani akapaza sauti, na watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mtume alihudhuria kiapo kile katika ujana wake, na baada ya Uislamu alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mfano wake angeitika. Hiyo ndiyo kafala yenyewe: mwenye nguvu kumdhamini asiye na mtu.

Basi na ajihesabu kila mwenye mkono katika safari hizi, hata akiwa huku pwani na hajaiona Ghuba. Mjomba anayempeleka mpwawe kwa dalali, kisha akapokea fungu lake kwa siri, na ajue amemwuza mtoto wa dada yake. Mwenye kujua kwamba viza haina kazi nyuma yake, akanyamaza ili asiudhi, naye ameficha unyevu chini ya nafaka. Na mwenye fedha za akiba, akimkopesha kijana nauli bila riba na kumsomea mkataba wake neno kwa neno kabla hajatia saini, ametimiza dhamana ambayo haina bei. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko marejeo.