JE, WEWE NI MDUDU TU?

Kijana mwenzangu, soma karatasi hii mpaka mwisho. Usiitupe, usifungie karanga kwanza. Ina neno lako.

Ni nani aliyekuambia kwamba wewe si kitu? Labda ni mwalimu. Labda ni baba yako mwenyewe. "Huyu naye? Mdudu tu!" Na wewe ukaamini. Sasa unashinda kijiweni toka asubuhi, na jioni unatafuta gongo ya kusahau. Mimi nakujua, maana nilikuwa hivyo hivyo, hapa hapa Mitwero.

Basi leo sianzi na malaika. Nakuhubiria kwa mdudu.

UMEWACHOMA WALINZI!

Umekulia mikoroshoni, kwa hiyo majimoto unawajua. Ukipanda mti bila kuangalia, utashuka mbio unavua shati. Nilipokuwa na miaka 16 nilitumwa kusafisha mkorosho wa babu yangu. Wakaniuma. Nikafunga tambara kwenye ufito, nikachovya mafuta ya taa, nikachoma viota vyote. Nikajiona mwanaume. Babu alipokuja hakunipiga. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umewachoma walinzi."

Sikuelewa mpaka msimu ulipofika. Machipukizi ya mti ule yalikauka yakawa meusi, korosho changa zikaingia madoa zikaanguka. Mti wa jirani, wenye majimoto, ulizaa. Kumbe yuko mbu wa mikorosho anayenyonya machipukizi laini, na yuko kunguni wa minazi anayeharibu nazi na korosho changa. Majimoto ndio wanaowawinda hao! Kule Unguja watafiti waliliona jambo hili kwenye minazi tangu miaka ya 1950, na wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wamelichunguza kwenye mikorosho.

Rafiki, na wewe Mungu alikuwekea walinzi. Maneno ya mama yako. Dhamiri ile inayokuuma usiku. Uliona wanakuuma tu, ukawachoma kwa pombe na bangi. Ndiyo maana machipukizi yako yanakauka!

NANI MWENYE UZI?

Hebu kaangalie kiota cha majimoto. Ni majani mabichi yaliyoshonwa. Chungu wakubwa hujipanga wakavuta kingo za majani mawili. Jani likiwa mbali, wanashikana viuno mmoja mmoja mpaka wanakuwa mnyororo. Lakini sikiliza ajabu hii: chungu mkubwa hana uzi! Nguvu anazo, meno anayo, uzi hana. Uzi anao buu, yule mtoto asiye na miguu wala macho. Mkubwa humbeba mdomoni, humpeleka huku na huku kama sindano ya ukili, naye mtoto hutoa hariri inayoshika majani. Asingekuwepo huyo mdogo, wote wangelala nje kwenye mvua ya masika.

Kijana, unasema huna kitu. Unajuaje kama uzi wa nyumba yenu haumo ndani yako?

WAKUBWA WAKO WAPI?

Unatamani ukubwa, si ndiyo? Kumbuka mjusi wa Tendaguru, hapa mkoani kwetu Lindi. Wajerumani walichimba mifupa kati ya 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin. Mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho, kwenda juu anapita mita 13. Watu hulipa kiingilio wamwone. Lakini ni mifupa! Chungu yu hai, na leo asubuhi ameamkia kazini. Ndiyo maana katika Mithali 6 Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu, hakumtuma kwa tembo.

Usiegemee mambo makubwa ya dunia hii. Ayubu 8 inalinganisha tumaini la anayemsahau Mungu na nyumba ya buibui. Uzi ule unamchukua buibui mwenyewe. Wewe ukiuegemea, unaanguka.

ALIYEBAKI UCHI

Sasa neno la mwisho. Mabuu wa chungu wengi, wakitaka kugeuka kuwa chungu kamili, hujifunika kwa kifuko cha uzi wao wenyewe. Mtoto wa majimoto hana kifuko. Uzi wake wote umekwenda kwenye nyumba ya wenzake. Yeye anabaki uchi.

Je, hujamtambua? Soma Zaburi ya 22. Mle ndani yuko mtu anayejiita mdudu, anayedharauliwa na watu, na nguo zake zinapigiwa kura. Yesu alipotundikwa msalabani alilia kwa maneno ya zaburi hiyo hiyo! Askari walimvua, wakagawana mavazi yake. Mwana wa Mungu alikubali kuitwa mdudu na kubaki uchi, ili wewe ufunikwe, upate nyumba isiyovuja. Hakusubiri uwe mkubwa. Alikufia ukiwa hivyo hivyo, kijiweni, na harufu ya gongo mdomoni.

Basi utaendelea kuamini maneno ya kijiweni, au utamwamini yeye aliyekufia? Kesho si yako. Amua leo. Sema naye kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimewachoma walinzi ulionipa. Nimetenda dhambi. Nisamehe, unifunike kwa damu yako. Uzi ulioweka ndani yangu nakurudishia, uutumie. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali sala hii, usibaki peke yako. Chungu mmoja havuti jani! Nenda kanisani Jumapili hii, ukawaambie waliookoka kwamba umempokea Yesu. Halafu rudi nyumbani, mwombe mama yako msamaha, ushike jembe.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Mungu akubariki.