Je, Ni Uasi Kumwambia Mzazi Ahame?

Suala hili lililetwa katika darasa yetu baada ya sala ya Ijumaa, na aliyelileta ni mtu mzima mwenye wajukuu. Mamake amepita miaka 80, naye akaa peke yake orofani katika nyumba yao ya Mji wa Kale, Mombasa, ambayo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Nasi sote twazijua ngazi za namna hiyo. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Wanawe ni watatu: mmoja yu Nairobi, mmoja yu Ghuba, na huyu aliyetujia yupo hapa, ila nyumba yake ni vyumba viwili na watu saba. Wamefikiri kumpeleka mama katika nyumba ya kutunzia wazee. Akauliza: je, kulitamka neno hilo mbele yake si kumvunjia mzazi heshima?

Ile aya ya 23 ya Suratul Israa, ambayo sote tulifundishwa chuoni tungali wadogo, yakataza hata mguno wa kuchoshwa mbele ya wazazi. Wengi wetu wameifahamu kana kwamba yakataza mazungumzo, wala haikuyakataza. Kilichokatazwa ni kuwaonyesha kuwa wametuchosha. Na hayo mtu aweza kuyaonyesha pasi na kutamka neno, kwa kutazama saa tu, au kwa kujibu simu hali mzee yuasema.

Natutazame kisa cha Nabii Ibrahim na mwanawe katika Suratus Saffat. Baba yule alioteshwa jambo zito, na amri yatoka kwa Mola wake. Hata hivyo alimweleza kijana na kumtaka rai yake. Ikiwa baba mwenye amri ya Mwenyezi Mungu amemshauri mwanawe, sisi watoto tusio na amri yoyote twaipata wapi ruhusa ya kukata shauri la mama zetu kwa simu, usiku wa manane, baina ya Nairobi na Ghuba, kisha tukaja asubuhi kumwambia afungashe nguo zake? Sisi twauona uasi hapo, si katika nyumba ya wazee.

Maana mji wetu una ajabu. Mtu akimpeleka mzazi mahali pa kutunzwa, barazani husemwa kuwa amemtupa. Basi kwa kuyaogopa maneno hayo, wako wanaomwacha mzee orofani na msichana wa kuajiriwa asiyejua hata dawa zake za presha, mlango umetiwa komeo kwa nje, nao wakapita mbele ya watu vichwa juu. Huyu hakutupwa? Watu huuliza mzee yuko wapi. Ni wachache waulizao yu hali gani.

Wala tusiambiwe kuwa kutunzwa mtu nje ya kwake ni mambo ya kigeni. Sultani Qalawun alijenga hospitali mjini Kairo katika miaka ya 1284 na 1285, akaiwekea wakfu, wakatunzwa humo matajiri na maskini, wake kwa waume. Sisi huku twawekea wakfu misikiti, na ni jambo jema. Ni wangapi kati yetu waliofikiri kuwekea wakfu kitanda cha mzee? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali pia. Kwa hiyo mgonjwa ambaye wanawe hawawezi kumwinua wala kumwosha, naye akaridhia kwenda, hatuoni haya yoyote katika kumpeleka, maadamu hawaachi kumzuru.

Huyu bwana tulimshauri asianze kwa kutaja nyumba ya wazee. Amkalie mamake chini, amuulize anaogopa nini usiku.

Juma lililofuata alirudi. Bibi yule, kumbe, haogopi ngazi. Anaogopa kufa mahali wasipomjua, asijue ni nani atakayemwosha na kumvika sanda. Na anaogopa kuwa akitoka tu, nyumba itauzwa. Kisha yeye mwenyewe akauliza: kwa nini kitanda chake kisiteremshwe chini, pale palipopangishwa duka? Pana maji, hapana ngazi, na majirani wapita mlangoni kutwa.

Nyumba ni yake, aliirithi kwa babake. Lakini kodi ya duka lile, tangu mumewe afariki, wamekuwa wakigawana watoto watatu. Bwana yule alitwambia kuwa aliposikia maneno hayo alinyamaza, na nduguze walipopigiwa simu wakanyamaza vile vile. Mama ndiye aliyeendelea kusema, akataka mwenye duka apewe miezi mitatu ya kutafuta pengine, kwani naye ana watoto.

Jawabu waliyompa hatujaisikia. Tumemwambia atuletee Ijumaa ijayo, na aje na nduguye wa Nairobi.