Je, "Sijambo" ni Uongo?

Katika lugha yetu mtu huulizwa "hujambo?" naye hujibu "sijambo", hata kama ana homa. Nimehudhuria misiba ambako mfiwa alijibu "salama" kwanza, ndipo akaeleza yaliyomfika. Wageni huona ajabu. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba huko si kusema uongo. Ni kumpa mwenzio nafasi ya kuketi kabla hujamtwisha mzigo. Lakini Februari moja, katikati ya theluji, jibu hilo lilinitia mashakani, na tangu hapo sina raha nalo.

Binti yangu anaishi na mumewe na watoto wao wawili katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani. Nilipowatembelea waliamua kunipeleka matembezi ya viatu vya theluji, pamoja na jirani yao ambaye ni mwalimu wa jiografia, na mama mmoja muuguzi, mwenyeji wa Mombasa. Tulikwenda Franconia Notch, bonde jembamba kati ya milima, ili tupande hadi ziwa liitwalo Lonesome Lake. Si safari kubwa: kutoka barabarani hadi ziwani ni kama kilometa mbili, na mwinuko wake ni mita 300 hivi. Mtu aliyelelewa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilijiambia, atashindwaje na kilima cha watoto?

Viatu hivyo, kwa msomaji ambaye hajaviona, havifanani na viatu. Ni fremu pana ya alumini iliyowambwa kitambaa kigumu, yenye meno ya chuma chini yake, nawe hujifunga juu yake ukiwa na buti zako miguuni. Zamani wenyeji wa asili wa misitu ya huko walivitengeneza kwa mti uliopindwa na kanda za ngozi mbichi. Kazi yake ni kuutawanya uzito wa mwili ili mguu usizame. Anayetangulia katika theluji mpya ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa yeye huishindilia njia na wengine hufuata kwa urahisi. Kwa hiyo watu hupokezana. Asiyevaa viatu hivyo huacha mashimo ya kina ambayo usiku huganda, na kesho yake mpita njia mwingine aweza kuvunjika mguu humo. Jirani yule alinieleza hayo kwa ukali kidogo, kama tulivyo sisi walimu.

Binti yangu alikuwa amenipa fulana ya sufu. Ilinikera shingoni, nami asubuhi nikaivua kimya kimya nikavaa ya pamba niliyotoka nayo nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, nayo huliiba joto la mwili. Nilikuwa nimeambiwa. Tulipanda huku jasho likinitoka, na tulipopumzika upepo ukashuka, nikaanza kutetemeka. Yule muuguzi akaniuliza, "Mzee wangu, hujambo lakini?" Nikajibu, "Sijambo kabisa, mwanangu." Mbele kidogo akauliza tena, nikajibu vilevile. Hakuuliza mara ya tatu. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyesema, "Mama, Babu anaongea kama amelewa."

Kumbe ulimi ulishakuwa mzito, na vidole havikuweza kufungua zipu ya koti. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, akili nayo hufifia, hata mwenyewe asitambue. Walinibadilisha nguo nyuma ya mti kama mtoto mchanga, wakaninywesha chai ya moto yenye sukari, kisha sote tukageuka. Hakuna aliyeliona ziwa siku ile. Mkwe wangu, ambaye kwa desturi hanijibu neno, alisema tukiteremka: "Baba, utuwie radhi. Huku mlimani mtu akiulizwa hali, haamkiwi. Wenzake wanapima kama waendelee au warudi."

Maneno yake yalinirudisha mwaka 1986, nilipowapandisha wavulana wa shule mlima wetu wenyewe. Usiku wa kuamkia safari niliwaambia kwamba mwanamume hasemi amechoka. Tulipofika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kijana mmoja aliyekuwa akinijibu "sijambo, mwalimu" tangu asubuhi alianza kutapika na kupepesuka. Kichwa kilikuwa kikimpasuka tangu Mandara. Wapagazi walimshusha usiku ule ule, akapona. Nami, Mungu anisamehe, tuliporudi nilimsifu mbele ya shule nzima kwa uvumilivu wake.

Najua yuko atakayesema kwamba kila mtu akitangaza kila maumivu, hakuna safari itakayofika. Ni kweli. Mama yangu alikuwa akisema ameshiba ili sisi tule, na sitakubali mtu amwite mwongo. Nilijaribu kutafuta kipimo: kwamba siri ni yako ikiwa gharama yake ni yako peke yako. Kilinipendeza kwa siku chache. Kisha nikakumbuka kuwa mama alidhoofika akaugua, na dada yangu akaacha shule ili amwuguze. Gharama ya mtu peke yake ni vigumu kuipata.

Huenda kosa langu halikuwa katika neno lenyewe. Yule mfiwa husema "salama", lakini hanyamazi hapo. Huvuta pumzi akaeleza. Sisi wazee, hasa tuliozoea kusikilizwa, tumeichukua nusu ya kwanza ya desturi na kuiacha ya pili, tukaita heshima.

Binti yangu hunipigia simu kila Jumapili. Mwezi uliopita daktari aliniambia jambo kuhusu moyo wangu, akaniandikia na karatasi. Tangu hapo ameshapiga mara mbili, akauliza, "Shikamoo baba, hujambo?" nami nikajibu kama kawaida, tukazungumzia mahindi na masomo ya watoto. Leo ni Ijumaa. Karatasi nimeitoa kabatini, nimeiweka kando ya simu pamoja na miwani.