Trekta Lililouzwa kwa Magunia

Anayenunua trekta bovu ananunua chuma. Anayenunua trekta lililofunguliwa ananunua pamoja nacho tabia ya mtu asiyemjua, yule aliyelifungua. Injini iko chini ya mwembe, imefunikwa turubai lililochanika. Gia boksi iko stoo, magurudumu yameegemezwa ukutani nyuma ya banda la mbuzi, na nati, bolti, washa, sili na springi zote zimo kwenye gunia moja la mahindi, zimeshikana kwa grisi na vumbi. Bei inavutia. Muuzaji anaapa kwamba kila kitu kipo, na huenda ni kweli. Lakini kitu kinaweza kuwapo na bado pasiwe na mtu anayejua mahali pake, na hapo ndipo kazi ya miezi mingi inapoanzia.

Wapo wanaofungua mashine wakijua watarudi. Hao wakishatoa kifuniko huirudisha kila bolti kwenye tundu lake na kuikaza kwa vidole tu, isipotee. Hupiga alama ndogo pale vipande viwili vinapokutana, ili siku ya kuvirudisha vitazamane kama vilivyokuwa. Vitu vidogo huvifunga kwenye kitambaa na kuviandika. Wapo pia wanaofungua wakiwa wamekwisha kukata tamaa, au wana haraka ya kupata kipande kimoja tu. Hao huacha makovu ya patasi kwenye nati, hukata kilichogoma, na kilichobaki hukitupa pamoja. Aliyeuziwa na aliyeuza wanaweza wasiwajue watu hawa, lakini fundi mwenye macho akimimina gunia chini huwatambua mara moja.

Ninalo trekta moja akilini. Ni Massey Ferguson 35, lile dogo jekundu ambalo bado hukutana nalo Karatu na Mbulu likivuta tela la mahindi, umri wake ukiwa umempita dereva mara mbili. Mwalimu mmoja mstaafu alilinunua kutoka kwa watoto wa marehemu mkulima. Alipomwita fundi aje kutazama, kijana yule alichutama mbele ya lile gunia, akachambua chambua, kisha akasema, "Mwalimu, hili halikufunguliwa na fundi. Limefunguliwa na ugomvi."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba alipofariki, watoto hawakuaminiana. Kila mmoja alichukua sehemu yake ya trekta akaenda kuiweka kwake, asije mwenzake akaliuza kimya kimya. Mmoja alichukua betri na dinamo, mwingine magurudumu ya mbele, mwingine injekta. Pampu ya dizeli ilikuwa kwa dada yao mkubwa, aliyeolewa kijiji cha pili. Trekta lililomlisha kila mmoja wao likawa dhamana ya kutoaminiana kwao, na kwa miaka yote hiyo halikulima hata robo heka.

Mwalimu alilipa fedha kwa wanaume, akaenda kuchukua pampu. Akapokewa vizuri, akapewa chai, akaambiwa pampu ipo. "Mwalimu, mimi na wewe hatuna neno," yule mama akamwambia. "Lakini hao waliokuuzia, baba yao ndiye baba yangu. Walikaa kikao lini bila mimi?" Mwalimu hakubishana wala hakuongeza dau. Alirudi kwa wale ndugu, akawaeleza kwamba pampu haitatoka mpaka waende wenyewe. Walichukua muda, lakini walikwenda. Yaliyosemwa huko hayakumhusu mnunuzi, naye hakuuliza. Pampu ilikuja imefungwa kwenye khanga, safi kuliko kipande kingine chochote cha trekta lile.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu trekta hilo lenyewe linatoka katika ukoo uliokwisha kuonja ugomvi wa warithi. Baba wa ukoo ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland, aliyezaliwa 1884. Zama zake matrekta yalikuwa hatari: plau likikwama kwenye kisiki, mbele ya trekta iliweza kuinuka na kumpindukia dereva. Ferguson alibuni mikono mitatu ya nyuma inayoongozwa na haidroliki, ikalifanya trekta na plau kuwa mwili mmoja, hata ule ugumu wa udongo wenyewe ukawa unayakandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Mwaka 1938 alimwonyesha Henry Ford kazi hiyo huko Dearborn, Marekani, na wazee hao wawili wakakubaliana kulitengeneza trekta kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kutoka kiwandani. Kisha kampuni ikakabidhiwa kwa mjukuu, Henry Ford II, naye akayavunja makubaliano yale. Kesi ikaenda hadi 1952, Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Mjukuu alipokea viwanda, jina na fedha. Je, neno la babu halikuwa sehemu ya mirathi?

Ferguson alihamishia kazi yake Coventry, Uingereza. Kuanzia 1946 hadi 1956 yalitengenezwa huko matrekta madogo ya kijivu ya aina ya TE20, zaidi ya 500,000, na lile la 35 ndilo lililorithi kiti chao. Kuna kitu katika TE20 kinachonigusa kuliko nguvu zake. Nati ambazo mkulima angelazimika kuzigusa akiwa shambani zilifanywa za saizi chache, na trekta likaja na spana moja iliyozitosha. Spana hiyo iliwekewa alama za inchi, ili mkulima aitumie pia kama rula anapopanga plau lake. Aliyeichora alikuwa amemfikiria mtu aliye peke yake, mbali na gereji, jua linazama, na mvua za kwanza zimeshanyesha. Alimwona mtu huyo kuwa na akili za kutosha kurekebisha kilicho chake. Heshima ya namna hiyo haiandikwi kwenye tangazo la biashara, na bado ndiyo inayofanya trekta lililokaa miaka chini ya mwembe liweze kurudishwa na kijana wa Karatu ambaye hajawahi kufika Coventry.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye karai la dizeli. Injini ya trekta lile ni Perkins ya silinda tatu, na ndani yake kila mkono wa pistoni una kofia yake inayoukumbatia mhimili wa injini kwa bolti mbili. Kwa jicho kofia zote tatu ni sawa. Fundi alimpa mwanafunzi wake brashi ya waya na kitambaa, akamwambia asugue ubavu wa kila moja mpaka aone kitu. Mwanafunzi akasugua, lami nyeusi ikatoka, na chini yake ikajitokeza namba iliyogongwa kwenye chuma, ndogo kama punje ya mtama. Namba hiyohiyo ipo kwenye mkono wake. Kofia ya kwanza haifai kwa mkono wa pili, hata kama inaingia na bolti zinakaza vizuri, kwa kuwa tundu lilichongwa viwili hivyo vikiwa vimefungwa pamoja. Ukizibadilisha, injini inaweza kuwaka, mwenye mali akafurahi, fundi akalipwa, na madhara yakaja baadaye, wakati fundi yuko mji mwingine. Hakuna mteja atakayefungua kukagua. Anayesugua mpaka namba ionekane anafanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyo.

Ikaja siku ya kuunganisha. Trekta la aina hii halina chesisi. Injini na gia boksi ndizo uti wa mgongo, zimeungwa kwa bolti, na zikitenganishwa trekta linakuwa vipande viwili vizito ambavyo haviwezi kusimama bila kuegemezwa. Kuvirudisha, shafti ya gia boksi inapaswa kuingia katikati ya klachi bila mtu kuiona, meno yakubaliane na meno. Walisukuma, pakabaki nafasi ya upana wa vidole viwili. Mtu mwenye haraka hapo huingiza bolti ndefu na kuvuta kwa spana, chuma kitii. Wakati mwingine chuma cha kuyeyushwa hakitii, kinapasuka, na gharama yake ni kubwa kuliko bei ya lile gunia. Fundi aliwazuia. Akazungusha injini kidogo kwa mkono, akainua jeki kidogo, akasikiliza, akashusha tena. Wakala chakula cha mchana nafasi ile ikiwa wazi vilevile. Alasiri meno yalikutana, vipande viwili vikaenda pamoja kwa msukumo wa watu wawili, pasipo hata kelele.

Tunapenda kuusifu ustahimilivu wa aina hii kana kwamba ni umbile la watu maskini, na sikubaliani na sifa hiyo. Subira ya fundi yule ilitokana na ujuzi: alijua kilichomo ndani ya giza lile, ndiyo maana aliweza kusubiri. Asiyejua husukuma kwa sababu hana kingine cha kufanya. Tanganyika ilipata somo hilo kwa bei kali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, ikaleta mitambo mingi, mingi kati yake ikiwa mabaki ya vita, ikaishushia kwenye vichaka na udongo uliokuwa ukikauka mgumu kama saruji. Mashine ziliharibika kwa wingi kuliko uwezo wa kuzitengeneza. Mradi ulifungwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Waliopanga walihesabu ekari na tani. Hawakujipa muda wa kuijua ardhi, wala wa kuwajua watu walioishi juu yake.

Sitaki kudanganya kwamba kufufua trekta ni biashara nzuri. Mara nyingi jumla ya matairi, ringi za pistoni, sili na nauli za kwenda Arusha kutafuta beringi hupita bei ya trekta kuukuu linalotembea. Kinachosaidia ni kwamba ukoo huu wa Massey uliendelea kuzaa nje ya Uingereza. India na Pakistani walitengeneza matrekta ya asili hiyohiyo kwa miongo mingi, na vipuri vyao vinafika madukani kwetu. Kiwanda cha Coventry kilifungwa mwaka 2002 na trekta lake halikufa nacho. Hata hivyo mke wa mwalimu aliuliza swali la haki: fedha ile si ingenunua ng'ombe wawili wa maziwa? Ingenunua. Sidhani kuna hesabu ya kumshinda yule mama, na mwalimu naye hakuitafuta. Alimwambia kwamba amefundisha watoto miaka mingi kutokutupa kitu kabla ya kukielewa, na angependa afanye hivyo mwenyewe angalau mara moja. Mkewe akakubali kwa sharti kwamba shamba lao lilimwe kwanza kabla ya la mtu yeyote.

Kuna jambo moja linaloniumiza zaidi ya gharama. Matrekta mengi mapya yanayouzwa duniani leo yana kompyuta ndani, na hitilafu ndogo inaweza kulisimamisha trekta hadi aje mtu wa kampuni mwenye programu ya kulisoma. Mkulima ana spana, ana fundi, ana hata kipuri mkononi, na bado hana ruhusa ya kuingia ndani ya mali aliyoilipia. Wakulima wa Marekani walilalamika miaka mingi, na mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa zana za kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa kujitegemea vitabu, vifaa na programu za matengenezo. Hao ni watu wenye pesa na mawakili. Mkulima wa Manyara au wa Uasin Gishu, anayechukua trekta jipya kwa mkopo wa benki au kupitia ushirika wake, atamlilia nani?

Ningependa vyama vyetu vya ushirika, kabla ya kusaini ununuzi wa trekta lolote, viwaite mafundi wa vijijini wakae mezani pamoja na muuzaji. Si kwa heshima tu, bali waulize maswali yao: hii inafunguliwa kwa spana gani, kitabu chake kiko wapi, kipuri hiki kikikosekana tutakichonga kwa nani, na ikizimika saa kumi jioni katikati ya msimu nani ana haki ya kuinua kifuniko? Muuzaji mwaminifu atakuwa na majibu. Asiye na majibu ni afadhali ajulikane pale mezani, mkopo ukiwa bado haujaandikwa, kuliko mtoto wa mkopaji aje kulijua hilo miaka thelathini baadaye, baba hayupo tena na trekta limesimama.